DAMU NA HISTORIA (6): Aliyekuwa wa mwisho akachukua dhahabu

Leo nawapeleka kwenye barafu. Najua wengi wetu barafu tunaijua ya kwenye friji, lakini nivumilieni, mtaona kwa nini nesi anahangaika na mambo haya.

Kuna mbio za kuteleza kwenye barafu za uwanja mfupi. Mzunguko mmoja ni mita 111 na kidogo, kona kali, na wote wanakimbia pamoja, wamebanana. Chini ya kiatu kuna chuma chenye makali kama kisu. Sasa piga picha watu wanne au watano wanaanguka pamoja na visu miguuni.

Mwaka 1991 mashindano ya dunia ya mchezo huu yalifanyika Sydney, Australia. Wenyeji wakashinda mbio za kupokezana za mita 5000. Kwenye timu alikuwepo kijana wa miaka 17, Steven Bradbury. Mwaka 1994, kwenye Olimpiki ya Lillehammer, Norway, timu yao ikapata shaba, medali ya kwanza kabisa ya Australia katika Olimpiki ya majira ya baridi.

Mwaka huo huo, kwenye mashindano ya Kombe la Dunia kule Montreal, Kanada, Bradbury akagongana na mwenzake. Chuma cha kiatu kikapita kwenye paja lake la kulia. Misuli yote 4 ya mbele ya paja ikakatika. Taarifa zinasema alipoteza damu kama lita 4. Jamani, mtu mzima ana kama lita 5 tu mwilini! Mwenyewe alisimulia kwamba aliamini akipoteza fahamu, basi ndiyo imetoka. Alishonwa nyuzi 111. Ndiyo, karibu sawa na mita za ule mzunguko. Mguu ulichukua miezi 18 kurudi kwenye nguvu zake.

Haikuishia hapo. Mwaka 2000, akiwa mazoezini, alianguka akatanguliza kichwa, akavunjika pingili za shingo, namba 4 na 5. Akafungwa chuma cha kushikilia kichwa kisitikisike. Madaktari wakamwambia asahau barafu.

Februari 2002, Salt Lake City, Marekani, akarudi kwenye Olimpiki, mita 1000. Alijua wenzake wana kasi kuliko yeye, hivyo aliamua kubaki nyuma asubiri. Robo fainali alipita kwa sababu mmoja aliyemtangulia aliondolewa. Nusu fainali wenzake wakaanguka. Fainali, kona ya mwisho, wote wanne waliokuwa mbele wakagongana, wakaanguka. Yeye, nyuma kama mita 15, akapita katikati yao akiwa amesimama. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya baridi kwa nchi yoyote ya kusini mwa dunia.

Wengi wanamwita mtu wa bahati. Hata yeye alisema hakuwa mwenye kasi zaidi siku ile. Medali aliipokea kwa ajili ya miaka ya jasho, siyo kwa ile dakika moja na nusu.

Mimi naona na wengine: wale waliozuia damu yake Montreal. Bila wao, mwaka 2002 kusingekuwa na mtu wa kubaki amesimama.

Kwa hiyo ukimkuta mtu anavuja damu nyingi, iwe bodaboda, panga au kioo: piga kelele upate msaada, weka kitambaa safi, bonyeza kwa nguvu juu ya jeraha. Usiachie kila mara kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kama kuna kitu kimechoma ndani, usikichomoe. Bonyeza pembeni yake. Mlaze, mfunike, mkimbizeni hospitali.

Na ile damu ya kumwongezea haitengenezwi kiwandani, inatoka kwa mtu kama wewe. Mara ya mwisho ulichangia lini? Tukutane sehemu ya 7.