Mizinga ya Salamu na Mizinga ya Vita: Asili ya Neno "Salvo"

Katika kazi ya kuunda istilahi mara nyingi tunakutana na neno la kigeni ambalo maana yake ya leo imekwenda mbali na asili yake. Mojawapo ni "salvo", litumiwalo na wanajeshi wa nchi nyingi kwa maana ya silaha kadhaa zinazofyatuliwa kwa pamoja. Katika makala haya tunakusudia kueleza neno hilo lilikotoka, kisha tutazame Kiswahili kina nini cha kulikabili.

Asili yake ni Kilatini. Warumi walipoamkiana walisema "salve", yaani uwe na afya njema. Kutokana na salamu hiyo Waitalia wakapata "salva", na Wafaransa "salve", kwa maana ya mizinga inayopigwa kumwamkia mtu wa heshima. Mzinga wa zamani ulishindiliwa baruti na tufe kwa mdomoni, kazi iliyochukua muda. Kwa hiyo meli iliyokwisha fyatua mizinga yake ilionyesha kwamba haina nia mbaya. Waingereza walilipokea neno hilo, na taratibu maana ikahama kutoka salamu hadi shambulio. Katika manowari, hasa mwanzoni mwa karne ya 20, mizinga ilifyatuliwa pamoja ili makombora yaangukapo majini mlengaji aone kama yameipita shabaha au hayajaifikia.

Jirani yake ni "volley", neno la askari wa bunduki. Hili limetokana na "volée" ya Kifaransa, yaani mruko, kama wa kundi la ndege. Bunduki za kale hazikuwa na shabaha ya kuaminika. Askari mmoja aliweza kukosa, lakini safu nzima ikifyatua kwa amri moja, baadhi ya risasi zilipata.

Kiswahili nacho kina historia yake. Mzinga ni gogo lililochimbwa ndani, linalotundikwa mtini ili nyuki waingie. Silaha ya umbo hilo ikapewa jina hilo hilo. Tukisema "mizinga 21 ilipigwa kwa heshima ya Rais", kila mtu anaelewa kwamba ni sherehe. Tukisema "mji ulipigwa mizinga", ni vita. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga mizinga jumba la Sultani huko Unguja, baada ya Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, kukataa kuondoka. Kwa muda usiotimia saa moja, watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Kitenzi ni kile kile, na silaha ni ile ile. Sarufi ndiyo inayotuambia kama kilichopigwa ni mzinga wenyewe au ni watu.

Hata hivyo, semi hizo mbili hazielezi upamoja. Mizinga 21 ya heshima hupigwa mmoja baada ya mwingine. "Mfululizo wa risasi" nao ni wa kufuatana, "mmiminiko" hueleza wingi bila ya mpango, na "rashasha" ni jina la silaha.

Kwa hiyo tunapendekeza "mkupuo", neno ambalo wasemaji wanalo tayari wanaposema jambo limefanywa "kwa mkupuo mmoja". Tutapata mkupuo wa bunduki, mkupuo wa mizinga na mkupuo wa maroketi. Na "mizinga ya heshima" ibaki kwa ajili ya salamu. Mfasiri wa historia asiyetenganisha mambo haya aweza kumfanya msomaji adhani kwamba waliouawa walikuwa wakiamkiwa. Tunawakaribisha wasomaji, hasa waliopata kutumikia jeshini, walipime neno hili kwa masikio yao.