Jinsi Sumu ya Damu Ilivyotambuliwa

Wahenga walisema, Dalili ya mvua ni mawingu. Neno hili lafaa sana kwa ugonjwa uitwao sumu ya damu, ambao madaktari huuita sepsisi, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kuoza. Vijidudu huingia mwilini kwa kidonda, au kwa kifua, au kwa njia ya mkojo, au kwa tumbo la uzazi. Mwili hupigana navyo, lakini vita hivyo hupotoka, hata mwili hujiumiza wenyewe, na figo, mapafu na moyo hushindwa kazi. Kuutibu kwataka haraka, wala hakuna haraka pasipo kuutambua. Basi tutazame jinsi watu walivyojifunza kuutambua.

Mwaka 1846 hospitali kuu ya mji wa Vienna ilikuwa na nyumba mbili za kuzalishia. Katika nyumba ya kwanza, walimofundishwa wanafunzi wa udaktari, walizaa wanawake 4,010, wakafa 459, wengi wao kwa homa ya uzazi. Katika nyumba ya wakunga waliokufa walikuwa wachache zaidi. Daktari Ignaz Semmelweis alitafuta sababu asiione. Mwaka 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka alichomwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi, walipokuwa wakipasua maiti, akaugua, akafa. Semmelweis aliposoma habari za maiti ya rafiki yake, aliona alama zile zile za wale wazazi. Ndipo alipofahamu ya kuwa ugonjwa ni mmoja, na ya kuwa mikono ya madaktari ndiyo iliyouchukua kutoka kwa maiti hata kwa wazazi. Akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini. Mwaka 1848, katika wazazi 3,556, walikufa 45 tu. Hata hivyo wakubwa wengi hawakumsadiki.

Naye hakuvijua vijidudu vyenyewe. Mwaka 1879, huko Paris, Louis Pasteur alichora ubaoni, mbele ya madaktari, vijidudu vya homa ya uzazi, vilivyoshikana kama shanga katika uzi.

Lakini kujua chanzo cha ugonjwa si kujua saa uanzapo. Katika mji wa Leipzig, Carl Wunderlich alipima joto la maelfu ya wagonjwa, akaliandika siku kwa siku, na mwaka 1868 akatoa kitabu chake. Siku zile kipimajoto kilikuwa kirefu, tena chenye kukawia. Mwingereza Thomas Clifford Allbutt akatengeneza kifupi, chenye kutoa jibu kwa dakika tano. Hivyo kupima joto kukawa kazi ya kila siku hospitalini.

Walakini joto peke yake hudanganya. Mzee au mtoto mchanga aweza kuwa na sumu ya damu na mwili wake ukawa baridi. Kwa hiyo mwaka 2016 madaktari wa mataifa mbalimbali walitaja ishara tatu za upesi kwa watu wazima: pumzi 22 au zaidi kwa dakika moja, akili iliyobadilika, na msukumo wa damu ambao hesabu yake ya juu ni 100 au chini. Zikionekana mbili, mgonjwa yu hatarini. Baadaye walionya kwamba ishara hizo zisitegemewe peke yake, maana wengine huugua kabla hazijatokea.

Na saa moja si kitu kidogo. Mwaka 2006 ulitolewa uchunguzi wa wagonjwa 2,731 wa Kanada na Marekani, ambao damu yao ilikuwa imepungua msukumo kwa ugonjwa huu. Katika saa sita za kwanza, kila saa ambayo dawa ya kuua vijidudu ilikawia, waliopona walipungua kwa kadiri ya 7.6 katika mia.

Basi, ndugu msomaji, ukimwuguza mtu wako hospitalini, wewe ndiwe umjuaye. Muuguzi hajui jinsi mama yako asemavyo siku zote. Ukiona anaweweseka, au anahema upesi, au mkojo wake umekuwa haba, usingoje mapambazuko. Mwite muuguzi, umwambie wazi, "Huyu siye kama alivyokuwa jana." Semmelweis naye alianza kwa kutazama na kulinganisha.