Ubao wa tanga na ubao wa tiara: juu ya nini watu wengi wanahama?

Kuna michezo miwili ya maji yenye haitumie mafuta wala kasia: inaenda na upepo tu. Wa kwanza ni ubao wa tanga, wenye wanaita windisafu. Wa pili ni ubao wa tiara, ao kaitisafu. Mtu mwenye anatazama kutoka pwani anaweza kuona kama yote inafanana, sababu kote mtu amesimama juu ya ubao na upepo unamkokota. Lakini tangu mwanzo wa miaka ya 2000, watu wengi wenye walikuwa wa tanga wameshika tiara, na kwenye pwani nyingi za dunia matanga yamepunguka sana.

Sababu za kuhama ziko wazi. Kuko pia bei ya kuhama, na haiko ya feza peke yake.

Tanga lilianza namna gani?

Watu mbalimbali walijaribu kuweka tanga juu ya ubao. Kule Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, Newman Darby alitengeneza ubao wa namna ile katika mwaka wa 1964. Kiisha, California, watu wawili, Jim Drake na Hoyle Schweitzer, waliomba haki ya ugunduzi katika mwaka wa 1968. Drake alikuwa injinia wa ndege.

Siri ya kazi yao iko fasi moja: pale mlingoti unaposhikana na ubao. Kwa mtumbwi wa tanga, mlingoti umesimama imara na usukani unageuza chombo. Kwa ubao huu, mlingoti umefungwa na kiungo chenye kinazunguka na kulala pande zote, na hakuna usukani. Mtu anashika tanga kwa mikono yake. Akililaza mbele, kichwa cha ubao kinakimbia upepo. Akililaza nyuma, kinageukia kule upepo unatoka.

Mchezo ule ulienea haraka Ulaya katika miaka ya 1970 na 1980. Uliingia Michezo ya Olimpiki kule Los Angeles mwaka wa 1984 kwa wanaume, na Barcelona mwaka wa 1992 kwa wanawake.

Na tiara?

Tiara ni kile kitu watoto wanarusha hewani kwa uzi. Lakini hii ya mchezo ni kubwa: kwa mtu wa uzito wa kawaida, tiara nyingi ziko kati ya mita mraba 7 na 12. Inaruka juu ya kichwa, kwenye kamba za urefu wa mita 20 na zaidi. Kamba zinashikana na fimbo ya kuongozea, na nguvu ya kukokota inaingia kwenye mkanda mkubwa wa kiunoni, si kwenye mikono.

Shida ya zamani ilikuwa hii: tiara ikianguka ndani ya maji, inalowa na hairuki tena. Ndugu wawili Wafaransa wa Bretagne, Bruno na Dominique Legaignoux, ndio walipata jibu. Katika mwaka wa 1984 waliandikisha tiara yenye mirija ya kujaza hewa. Ile mirija inaifanya ielee na kushika umbo lake, na mtu anaweza kuirusha tena bila kutoka majini. Hata hivyo watu hawakuipokea mara moja. Ni mwisho wa miaka ya 1990 tu, zaidi kule Maui, kisiwa cha Hawaii, ndipo mchezo ulianza kukamata watu kweli.

Kati ya wale wa kwanza alikuwa Robby Naish. Huyu Mmarekani aliyekomalia Hawaii alikuwa bingwa wa dunia wa tanga mwaka wa 1976, akiwa na miaka 13. Mwisho wa miaka ya 1990 akashinda pia mashindano ya tiara. Tanga lake hakulitupa. Lakini vijana wengi waliona bingwa wa tanga ameshika tiara, wakamfuata.

Juu ya nini wanahama?

Sababu ya kwanza ni upepo wenyewe. Tanga linakaa fasi moja juu ya ubao na linapokea upepo vile unakuja. Tiara inaweza kutembezwa hewani, kushoto na kulia, na kule kukimbia kwake kunaiongezea upepo. Tena iko juu, fasi upepo una nguvu kuliko ule wenye unagusa maji. Kwa mtu wa uzito wa kati, ubao wa tanga wa kawaida unaomba upepo wa karibu kilometa 25 kwa saa ili upande juu ya maji na kukimbia vizuri. Mwenye tiara kubwa anaweza kuanza kujifurahisha karibu kilometa 20 kwa saa. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini kwa mtu mwenye anapata siku moja tu ya mapumziko kwa juma, ni tofauti ya kuingia majini ao kurudi nyumbani mkavu.

Sababu ya pili ni mizigo. Mtu wa tanga anahitaji ubao wa zaidi ya mita mbili, mlingoti, mti wa kushikia, na matanga matatu ao manne ya ukubwa mbalimbali. Anatafuta motokari yenye kubeba vitu juu, na fasi ya kuviweka nyumbani. Mtu wa tiara anakunja tiara ndani ya mfuko wa mgongoni. Ubao wake una karibu mita moja na nusu, tena ni mwepesi. Mwenye anaishi katika nyumba ndogo ya mjini, ao mwenye anasafiri kwa ndege na kulipishwa kilo, anaelewa haraka.

Sababu ya tatu ni kujifunza. Hapa mambo yanapingana. Kwa tanga, saa ya kwanza ni rahisi: ubao mpana, tanga dogo, maji matulivu, na mtu anatembea. Kiisha mlima unakuwa mrefu. Kuanza kutoka ndani ya maji, kugeuka kwa mbio bila kuanguka: hayo yanaweza kukula miaka. Kwa tiara, siku za kwanza ni ngumu na haifai kabisa kuanza bila mwalimu. Lakini mtu akipita ile hatua, anaendelea haraka. Wengi wanapanda juu ya ubao ndani ya juma moja la masomo.

Sababu ya ine ni kuruka. Wa tanga pia wanaruka, zaidi wakipata wimbi la kuwatupa. Lakini tiara inamnyanyua mtu hata kwenye maji laini, na inamshusha polepole. Kwa vijana, hiyo peke yake inatosha.

Bei yenye watu hawaone mapema

Mtu wa tanga akiogopa, anaachilia. Tanga linaanguka ndani ya maji, upepo unakosa kitu cha kukamata, na yeye anabaki na ubao mkubwa wa kukalia mpaka msaada ufike. Ile ni salama kubwa.

Mtu wa tiara hana vile. Amefungwa kwenye kitu chenye kinaendelea kuruka. Upepo ukizidi kwa gafula, unaweza kumkokota juu ya mchanga, ao kumtupa kwenye mawe, miti ao ukuta. Kamba zikiwa zimekazwa zinakata kama kisu. Katika miaka ya kwanza ya mchezo watu walikufa namna hiyo, sababu tiara za wakati ule haikuwezekana kuzitoa nguvu yote. Katikati ya miaka ya 2000 Bruno Legaignoux alileta umbo jipya: mtu akisukuma fimbo mbele, karibu nguvu yote inatoka. Pia kuko kifungo cha kuachia tiara kwa haraka. Vitu hivyo vimeokoa watu wengi, lakini vinasaidia tu mtu mwenye amevizoea na mwenye mkono wake unavijua bila kutazama.

Tena tiara inaomba nafasi. Kamba za mita 20 zinahitaji pwani wazi, bila nguzo za umeme na bila watu wenye kuoga karibu. Na kwa kawaida mtu mwingine anasaidia kuirusha na kuipokea.

Paje: kusi, kaskazi na mwani

Kwa wenye kusema Kiswahili, mfano wa karibu ni Paje, pwani ya mashariki ya Zanzibar. Kule mwamba wa baharini unavunja mawimbi mbali, na ndani maji yanabaki mafupi, chini ni mchanga. Pepo mbili zinajulikana tangu zamani za majahazi: kaskazi, yenye inavuma karibu Desemba mpaka Machi, na kusi, katikati ya mwaka. Pepo zilezile zenye zilipeleka biashara leo zinaleta wageni wa tiara, na shule zao zimejipanga kwenye mchanga.

Lakini maji yale mafupi ni pia shamba. Wanawake wa kijiji wanalima mwani pale, kwa vijiti na kamba, na wanavuna maji yakitoka. Kamba za tiara na kamba za mwani haziwezi kukaa fasi moja bila mapatano. Hapo swali haliko tena la mchezo. Ni la nani anapata nini kutoka pwani yake.

Vita ya Olimpiki

Mwaka wa 2012 viongozi wa mchezo wa matanga duniani walipiga kura mbili. Mwezi wa tano walikata shauri kwamba tiara itachukua fasi ya tanga katika Michezo ya Rio 2016. Wa tanga walilalamika sana: wengine walikuwa wamejitayarisha miaka mingi. Mwezi wa kumi na moja, mkutano mkuu ukageuza ule uamuzi, na tanga likabaki.

Mwishoni kila mmoja alipata kiti chake. Katika Michezo ya Paris 2024, mashindano ya upepo yalifanyika Marseille, na yote miwili ilikuwa pale. Kwa tiara, ambayo ilikuwa mara yake ya kwanza, medali za zahabu zilienda kwa Ellie Aldridge wa Uingereza na Valentin Bontus wa Austria. Kwa tanga, zilienda kwa Marta Maggetti wa Italia na Tom Reuveny wa Israeli. Siku zingine upepo ulikosa, na mabingwa wa tiara walingojea kama watu wote.

Sasa wengine wanahama tena

Tanga halikulala. Kwenye Marseille mbao za michezo yote miwili zilikuwa na foili, ni kusema bawa lenye linakaa chini ya maji na kunyanyua ubao hewani. Kwa foili, upepo mdogo unatosha, na ile faida ya kwanza ya tiara imepunguka. Na karibu mwaka wa 2019 kilitokea kitu cha tatu: bawa la kujaza hewa lenye mtu anashika kwa mikono, bila mlingoti na bila kamba ndefu. Mizigo yake ni midogo sawa ya tiara, na mtu akiogopa anaachilia sawa wa tanga. Watu wenye walihama kutoka tanga kwenda tiara, wamoja wao wanahama mara ya pili.

Kwa mwenye anataka kuchagua, pwani yake ndiyo ya kuuliza kwanza. Kama iko pana, na upepo ni wa kawaida kila siku, na mwalimu yuko, tiara itampa siku nyingi za furaha. Kama pwani ni nyembamba, yenye mawe na miti, ao kama ni ziwa lenye dhoruba inashuka kutoka milimani bila kupiga hodi, tanga linabaki rafiki mzuri, sababu linakubali kuachiliwa.