Mshale wa Joto

Marehemu baba alinunua Peugeot 504, ile ndefu ya safu tatu za viti, akaifanya teksi ya safari za mbali. Sifa ya magari hayo haikuwa ya kubahatisha. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. 504, iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka huo wa 1968, ikashinda 1975 na 1978. Watu wakaamini kwamba haifi.

Lakini bloku ya injini ile ni ya chuma, na silinda hedi ni ya alumini, ambayo kwa joto lile lile hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Katikati imo gasketi nyembamba inayozuia maji, oili na moto visikutane. Injini ikichemka, hedi hupinda na gasketi huungua.

Baba aliyajua hayo. Kila alfajiri, injini ikiwa baridi, alitazama maji ya rejeta, akaibinyabinya mipira yake, akaukagua mkanda wa feni. Aliponiachia usukani mwaka 1992, mimi niliona huo ni uzee tu.

Jioni moja nikipanda kutoka Naivasha kuelekea Limuru na abiria saba, mshale wa joto uligusa pekundu. Nikajiambia, nifike kwanza juu. Nilifika, lakini oili ilikuwa nyeupe kama maziwa.

Mpira mmoja wa rejeta uliopasuka ndio ulioiua injini iliyotulisha na kutusomesha. Baba hakunigombeza. Aliniuliza tu:

"Mshale uliuona?"

Niliuona. Siku hizi nikiuona, nasimama.