Mashahidi wa Sandukuni: Vitu vya Urithi na Picha za Kale katika Nasaba za Ujiji

Nasaba hutafutwa kwanza vinywani mwa wazee. Vinywa hivyo vikinyamaza, mtafutaji hugeukia sandukuni, ambamo aghalabu hukuta tasbihi, jambia, kamba ya shanga, na picha iliyofifia. Vitu hivi ni mashahidi. Lakini shahidi, hata akiwa mkweli, hana budi kuhojiwa.

Katika mji wa Ujiji kuhoji huku kuna uzito wa pekee. Burton na Speke walifika huko mwaka 1858, wakakuta biashara ya pembe za ndovu, chumvi, nguo na watumwa, wengi wao wakiwa wamevushwa ziwa kutoka ng'ambo ya Kongo. Katika karne hiyo shanga zilikuwa fedha ya soko la Ujiji. Basi kamba ya shanga aliyoiacha bibi yaweza kuwa pambo la arusi, yaweza kuwa akiba ya nyumba, na yaweza kuwa baki ya thamani iliyotolewa kununua mtu. Jambia nalo huthibitisha kwamba lilifika katika nyumba ile. Halithibitishi kwamba babu alikuwa bwana. Pengine alipewa na bwana wake.

Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Sheria iliondoa kifungo, lakini haikuondoa haya. Mtu aliyepewa jina jipya na mmiliki wake, na ambaye hakuvuka ziwa na chochote mkononi, hakuwa na kitu cha kuwarithisha wajukuu isipokuwa kimya. Kwa hiyo mtafiti anayefuata vitu peke yake ataandika nasaba za waliomiliki, na kuwasahau waliomilikiwa.

Picha nazo zina hila yake. Mkutano wa Stanley na Livingstone hapo Ujiji mwaka 1871 unajulikana duniani kwa mchoro uliochapwa baadaye. Hapana kamera iliyoushuhudia. Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone waliokuwapo siku ile, walipigwa picha Uingereza mwaka 1874, baada ya kifo cha bwana wao. Sura zao zimehifadhiwa na majina yao yanajulikana. Hata hivyo picha hiyo haielezi kwamba Chuma alikuwa mtoto aliyeokolewa utumwani mwaka 1861. Habari hiyo ilitunzwa na maandishi, si na karatasi ya picha.

Yafaa, basi, picha ya nyumbani itazamwe mbele na nyuma. Muhuri wa mpiga picha, kama ule wa A. C. Gomes wa Unguja, huonyesha ilikotoka. Mavazi yaweza kuwa ya kuazima. Aliyeketi atazamwe, na aliyesimama nyuma yake aulizwe jina kwa bidii zaidi. Kisha kila kitu kiandikiwe habari zake: nani alikishika, alikipata kwa nani, na nani anayesimulia, na wazee wawili wakihitilafiana, maneno ya wote wawili yaandikwe.

Kazi hii yataka adabu, kwa maana huenda ikafunua jambo ambalo jamaa walilificha kwa kulinda heshima yao. Lakini heshima ya ukoo haipungui kwa kuwa mmoja wa wazee wake aliuzwa. Aibu ni ya aliyemuuza. Na jina la aliyeuzwa, likipatikana, ndilo urithi uliokosekana sandukuni.