Utoaji mimba na usalama wa mwanamke katika Afrika Mashariki

Utoaji mimba ni ukatishaji wa ujauzito kwa makusudi, kwa dawa au kwa kifaa cha kitabibu, na hutofautishwa na kuharibika kwa mimba, ambako ujauzito hutoka wenyewe. Tofauti hiyo ni ya chanzo tu, kwa kuwa kutokwa damu, maumivu ya tumbo la chini na mabaki yanayosalia ndani ya kizazi hufanana, na matibabu ya hospitalini ni yaleyale. Makala haya yanahusu afya na uhai wa mwanamke anayefikiria kutoa mimba au aliyekwisha kuitoa, hasa nchini Kenya na Tanzania, ambako sheria ni kali, huduma rasmi ni chache, na wengi huufikia uamuzi huo wakiwa peke yao.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa mimba zipatazo milioni 73 hutolewa duniani kila mwaka, na kwamba takribani asilimia 45 kati ya hizo hutolewa kwa njia zisizo salama. Usalama katika hesabu hiyo hupimwa kwa mambo mawili: njia iliyotumika iwe ile inayopendekezwa na shirika hilo kwa umri wa mimba husika, na anayehudumia awe na ujuzi unaohitajika. Likikosekana moja, usalama hupungua. Yakikosekana yote mawili, mwanamke huwa kwenye hatari kubwa kabisa.

Ukubwa wa hatari hutegemea mazingira kuliko watu wengi wanavyodhani. Nchini Marekani, kati ya 1998 na 2005, vifo vilivyotokana na mimba zilizotolewa kisheria vilikuwa takribani 0.6 kwa kila mimba 100,000, ilhali vifo vya wanawake waliojifungua vilikuwa 8.8 kwa kila watoto hai 100,000. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa uliohusu mwaka 2012 ulikadiria kuwa mimba 464,690 zilitolewa, kwamba wanawake karibu 120,000 walitibiwa matatizo yaliyofuata, na kwamba vifo vilifikia 266 kwa kila mimba 100,000 zilizotolewa kwa njia zisizo salama. Kwa Tanzania, makadirio ya mwaka 2013 yalikuwa mimba 405,000, na wanawake wapatao 66,600 waliopata matibabu katika vituo vya afya. Mwili wa mwanamke wa Nakuru au Mwanza hauna tofauti na ule wa mwanamke wa Chicago, na kwa sababu hiyo vifo hivi vinapaswa kuhesabiwa kuwa vifo vilivyoweza kuzuilika, kila kimoja kikiwa na familia iliyobaki nyuma yake.

Njia za kificho zinazojulikana katika ukanda huu ni pamoja na kuingiza kijiti cha muhogo, waya au spoku ya baiskeli ukeni, kunywa sabuni ya unga, dawa ya kung'arishia nguo, chai iliyokolezwa mno au mchanganyiko wa mizizi, na kumeza dawa za malaria kupita kipimo. Kijiti au waya huweza kutoboa ukuta wa kizazi, na wakati mwingine hata utumbo ulio nyuma yake, huku kikiacha humo vijidudu, vikiwemo vya pepopunda. Kemikali za kufulia huunguza koo na tumbo, na zaweza kumwua mwenye kuzinywa huku mimba ikiwa bado ipo, kwa kuwa hakuna njia inayozipeleka kwenye kizazi bila kwanza kuudhuru mwili mzima. Klorokwini na kwinini zikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Mimba ikitoka nusu, mabaki hugeuka makazi ya vijidudu, na maambukizi yakienea katika damu, hali ambayo madaktari huiita sepsisi, shinikizo la damu hushuka, figo hushindwa kufanya kazi na fahamu hupotea. Wapo wanaookolewa kwa kuondolewa kizazi chote, na msichana ambaye hajafikisha miaka 20 akatoka wodini akiwa hai lakini asiweze tena kubeba mimba.

Kinachozidisha madhara haya ni ucheleweshaji. Umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si tangu siku ya kujamiiana, na hivyo mwanamke ambaye hedhi yake imechelewa kwa wiki 2 huhesabiwa kuwa na mimba ya takribani wiki 6. Kadiri wiki zinavyosonga ndivyo damu inayoweza kupotea inavyoongezeka na ndivyo utaalamu unaohitajika unavyopanda. Wanaochelewa zaidi ni wasichana wadogo, ambao mara nyingi hawajui mzunguko wao, hawana fedha, na huogopa kufukuzwa nyumbani au shuleni. Nchini Tanzania hofu ya shule ilikuwa na msingi kwa miaka mingi, kwa kuwa mwanafunzi aliyepata mimba aliondolewa masomoni, mpaka Serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba wanaojifungua wataruhusiwa kurudi darasani. Tangazo hilo lilikuwa hatua ya elimu, lakini ni hatua ya afya pia, maana msichana anayejua kwamba shule haijafungwa mbele yake hana sababu ya kukimbilia chumba cha uani kwa mtu asiyemjua.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ni kupima mkojo mapema na kuzungumza kwa faragha na mhudumu aliyefunzwa, awe daktari, tabibu, muuguzi au mkunga. Mazungumzo hayo yanapaswa kufanyika bila mume, mpenzi, mama wala mkwe kuwapo chumbani, kwa kuwa shinikizo huja kutoka pande zote mbili: wapo wanaolazimishwa kutoa mimba wanayoitaka, na wapo wanaolazimishwa kubeba mimba iliyotokana na ubakaji. Mhudumu mwema hueleza njia zote, ikiwemo kuendelea na ujauzito kwa msaada wa ndugu au kumtoa mtoto aasiliwe, kisha huuacha uamuzi kwa mwenye mimba, ndani ya mipaka ya sheria ya nchi.

Yapo mambo ya mwili ambayo lazima yajulikane kwanza. Kubwa kuliko yote ni mimba iliyotunga nje ya kizazi, kwa kawaida ndani ya mrija wa uzazi, ambayo hutokea katika takribani mimba 1 hadi 2 kwa kila 100. Dawa za kutoa mimba haziiondoi mimba ya aina hiyo. Mwanamke hutokwa damu kidogo, akadhani imetoka, na baada ya siku kadhaa mrija hupasuka na damu kumwagikia tumboni. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu na maumivu ya bega ni dalili za kumkimbiza hospitali bila kusubiri asubuhi. Mhudumu huuliza pia kuhusu upungufu wa damu, magonjwa au dawa zinazozuia damu kuganda, kitanzi kilichomo kizazini, ambacho huondolewa kwanza, na kovu la kujifungua kwa upasuaji. Kipimo cha ultrasaundi husaidia pale tarehe zinapotatanisha au mimba ya nje ya kizazi inaposhukiwa, lakini si sharti kwa kila mwanamke.

Katika wiki za mwanzo njia zinazokubalika kitaalamu ni mbili. Ya kwanza ni dawa: mifepristoni, inayozuia kazi ya projesteroni, yaani homoni inayoishikilia mimba, na baada ya siku 1 hadi 2 misoprostoli, inayolainisha mlango wa kizazi na kukifanya kizazi kijikaze. Dawa hizi kwa pamoja ziliingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2005. Misoprostoli ilianza kama dawa ya vidonda vya tumbo na leo huzuia damu kumwagika baada ya kujifungua, kwa hiyo hupatikana katika famasi nyingi, na hapo ndipo hatari mpya ilipoingia. Vidonge huuzwa kimoja kimoja ndani ya bahasha ya kaki, bila pakiti, bila jina wala tarehe ya kwisha muda, na muuzaji akataja kipimo kwa kukisia. Misoprostoli huharibika kwa joto na unyevu, na kidonge kilichotolewa kwenye karatasi yake ya alumini huanza kupoteza nguvu. Mwanamke anayemeza dawa dhaifu hubaki na mimba iliyoguswa lakini haijatoka. Zaidi ya hapo, kizazi huzidi kuwa sikivu kwa dawa hii kadiri mimba inavyokua, kiasi kwamba kipimo kinachofaa katika wiki ya 8 huweza kupasua kizazi chenye mimba ya miezi 6, hasa penye kovu la upasuaji.

Njia ya pili ni kufyonza. Baada ya ganzi kudungwa kwenye mlango wa kizazi, mhudumu hupitisha mrija mwembamba wa plastiki uliounganishwa na bomba la mkono la mililita 60 ambalo hewa yake imekwisha kuvutwa, na vilivyomo hutoka kwa dakika chache. Kilichotoka humiminwa katika chujio, husuuzwa kwa maji na kutazamwa penye mwanga, ili nyuzi laini za kondo zionekane. Zisipoonekana, huenda mimba haikuwa ndani ya kizazi, na uchunguzi huanza upya mara moja. Hatua hiyo ya kuchuja na kutazama imeokoa wanawake wengi, na inasikitisha kuona ikirukwa penye haraka na foleni ndefu. Ukwanguaji kwa chuma, ambao bado hufanyika katika baadhi ya hospitali, ni mkali zaidi kwa ukuta wa kizazi, na Shirika la Afya Duniani limeshauri uachwe.

Damu inayozidi ile ya hedhi na maumivu ya kukakamaa ni sehemu ya kawaida ya mimba kutoka. Kisicho cha kawaida ni kulowesha pedi kubwa 2 au zaidi kila saa kwa saa 2 mfululizo, homa isiyoshuka kwa siku nzima, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu yasiyotulia kwa dawa, au kuzirai. Mwenye dalili hizo anahitaji hospitali saa hiyohiyo, na anapaswa kusema wazi alichotumia, kiasi gani na lini. Aliyekunywa sabuni asiposema hutibiwa kutokwa damu huku figo zake zikiharibika, na aliyeingiziwa kijiti asiposema huenda akakosa chanjo ya pepopunda.

Hofu ya polisi ndiyo inayowanyamazisha wengi. Sheria za Kanuni ya Adhabu za Kenya na Tanzania, zilizorithiwa kutoka enzi ya ukoloni wa Waingereza, zinaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwingine mimba kinyume cha sheria na hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe. Hata hivyo, kifungu cha 230 cha sheria ya Tanzania kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa uhai wa mama. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 26(4), inaruhusu utoaji mimba pale mtaalamu wa afya anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura au uhai au afya ya mama iko hatarini, na ibara ya 43 inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Miongozo ya huduma iliyotolewa Kenya mwaka 2012 iliondolewa mwaka uliofuata, wahudumu wakabaki bila dira, hadi Mahakama Kuu ya Nairobi ilipoamua Juni 2019 kwamba kuondolewa kwake kulikuwa kinyume cha sheria. Rwanda imepanua mianya ya kisheria kupitia sheria ya 2018, ikiwemo mimba ya mtoto, ya ubakaji na ya maharimu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ilichapisha mwaka huohuo katika gazeti la serikali Itifaki ya Maputo ya 2003, mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ambayo ibara yake ya 14 inagusa utoaji mimba. Tanzania iliiridhia itifaki hiyo mwaka 2007. Kenya iliiridhia 2010 lakini ikaikataa sehemu inayohusu utoaji mimba.

Matibabu ya mwanamke ambaye mimba yake imekwisha kutoka, iwe yenyewe au kwa kutolewa, ni huduma inayotambuliwa na wizara za afya za Kenya na Tanzania, na mhudumu anayemkemea mgonjwa anayevuja damu au kumdai maungamo kabla ya kumtundikia dripu anakiuka wajibu wa taaluma yake. Afrika Kusini inaonyesha kinachowezekana: baada ya sheria ya 1996 kufungua huduma, vifo vilivyotokana na utoaji mimba vilipungua kwa takribani asilimia 91 kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Uvumi kwamba mimba iliyotolewa kwa usalama huleta ugumba au saratani ya matiti haukuthibitishwa na utafiti. Ugumba hutokana na maambukizi na majeraha ya njia za kificho. Kuhusu nafsi, utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, uliowafuatilia wanawake karibu 1,000 kwa miaka 5, haukuona sonona zaidi kwa waliopata huduma kuliko kwa walionyimwa. Hiyo haimaanishi kwamba hakuna anayehuzunika, na wenye imani ya dini wengi huhitaji mtu wa kuongea naye bila kuhukumiwa.

Uwezo wa kushika mimba hurudi upesi, kwa kuwa yai laweza kupevuka ndani ya siku 8 hadi 10, kabla hata ya hedhi kurejea. Sindano, vipandikizi na vidonge vya uzazi wa mpango vyaweza kuanzwa siku hiyohiyo, na kitanzi huwekwa papo hapo baada ya kufyonzwa, isipokuwa penye dalili za maambukizi, ambapo husubiri mpaka mgonjwa apone kabisa.