Magonjwa ya kuvu katika nyasi za bustani

Magonjwa ya kuvu katika nyasi za bustani hukausha, huozesha au hutia madoa ukoka na nyasi nyingine zinazokatwa fupi majumbani, viwanjani na kwenye gofu. Vimelea vyake kwa kawaida havitoki mbali: huishi mwaka mzima udongoni na katika tabaka la mashina makavu chini ya majani mabichi. Kuzuka kwa ugonjwa hutegemea hali ya hewa, lakini pia mpira wa maji, mbolea na mashine ya kukatia.

Mfano mzuri ni doa la dola, kero kubwa ya viwanja vya gofu vya Amerika Kaskazini. F. T. Bennett alimweleza kuvu wake nchini Uingereza mwaka 1937 kwa jina la Sclerotinia homoeocarpa. Mwaka 2018 akahamishiwa jenasi mpya, Clarireedia. Kwenye nyasi zilizokatwa fupi sana hujitokeza madoa ya mviringo yaliyopauka, kila moja likilingana na sarafu ya dola ya fedha. Chuma jani moja: lina kovu jeupe lililobanwa katikati, kingo zake hudhurungi. Alfajiri, kabla umande haujakauka, nyuzi za kuvu hutanda juu yake kama utando wa buibui.

Umande ndio kiini cha mambo. Jani likishinda limeloa saa nyingi mfululizo, kuvu hupata wasaa wa kupenya. Anayemwagilia jioni hurefusha saa hizo. Anayemwagilia karibu na mapambazuko, nyasi zikiwa zimekwisha kuloa, huongeza kidogo sana. Tena si maji matupu: matone mengine hutoka ndani ya jani lenyewe usiku, yakiwa na sukari na virutubisho vingine ambavyo kuvu hujilisha. Ndiyo maana wafanyakazi wa gofu huburuta mpira juu ya nyasi asubuhi ili kuyapukutisha.

Kwenye mbolea, ushauri wa jumla haufai kitu. Nyasi zenye upungufu wa naitrojeni huandamwa na doa la dola, kutu, na uzi mwekundu unaojulikana sana Uingereza. Ukizidisha naitrojeni hiyohiyo wakati wa joto na unyevu, unamkaribisha Rhizoctonia, anayekausha mabaka mapana ya kahawia, pamoja na Pythium, ambaye kitaalamu si kuvu halisi ingawa huhesabiwa humo. Doa la kijivu nalo hunufaika: husababishwa na Pyricularia oryzae, spishi ileile inayoleta blasti ya mpunga, na mkulima aliyewahi kuzidisha urea jarubani anaijua tabia yake. Basi ugonjwa utambuliwe kwanza, mfuko wa mbolea ufunguliwe baadaye.

Katika ukataji, kanuni ya kawaida ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Kisu butu huchana badala ya kukata.

Lenye kushangaza zaidi ni roli. Mtu angedhani kuzishindilia nyasi huzidhoofisha, lakini majaribio ya Chuo Kikuu cha Michigan State yalionyesha kwamba kupitisha roli nyepesi mara kwa mara hupunguza doa la dola. Chokaa, ambayo wengi huimwaga kwa nia njema, huweza kuchochea ugonjwa wa kuoza mizizi unaoitwa take-all, kwa kuwa kimelea chake hustawi pale asidi ya udongo inapopungua.